Mrejesho: mtoto aliyekuwa anachanganya b na d

Wadau nimerudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje mwanangu aache kuchanganya b na d akiandika, mkanishauri nimtungie kawimbo ka vina aimbe huku mkono unaandika. Asanteni sana aisee, imekubali! Tukatunga "shuka chini, rudi juu, tumbo mbele, hii ni bu", kila neno linaenda na mkono, kwanza hewani, halafu kwenye mchanga, daftari ndo mwisho. Sasa hivi b anaiandika bila kusita, akishika tu penseli namsikia ananong'ona. Ila d bado inamsumbua, na ule ushauri wa kunakili ukurasa mzima kwetu haukufaa, alikuwa anachoka herufi zinaharibika, nikapunguza ikawa mistari michache kila siku. Ba be bi bo bu zimenyooka, da de di ndo tunaanza.