Kikundi: Watoto wa Bi Mwanasha
Alhamisi, 12 Mei 2022

14:02 Da Rukia: Jamani amkeni. Kule Hay River, Kanada, kwa Salma kumefurika. Usiku wa kule mji mzima umeamriwa kuhama.

14:03 Da Rukia: Juma, wewe wa Edmonton ndiye uliye karibu. Jibu.

14:20 Da Rukia: Naona mmesoma watu kumi na wanne.

14:31 Mjomba Athumani: Mvua gani hiyo kwenye baridi lile?

14:33 Da Rukia: Si mvua Mjomba, ni barafu. Mto ule unakwenda kaskazini. Huko utokako, Alberta, joto limeshaingia, na mdomoni kwenye Ziwa Great Slave bado kumeganda. Mapande yanashuka, yanakwama, yanapandana. Maji yakikosa njia yanaingia majumbani.

14:35 Bakari: Barafu imejaa hadi inahamisha watu, na mimi Kisauni nimekosa ya kutia kwenye juisi 😂

14:35 Kasimu: 😂😂 wakuletee kwa kontena

14:37 Mama Swafiya: Juisi gani? Ya ukwaju?

14:38 Da Rukia: Nyinyi! Salma yuko njiani na watoto wawili. Kila mtu atume elfu mbili kwangu, leo hii.

14:41 Bakari: Kwako tena? Za mafuriko ya Tana 2018 si ziliishia kwenye bati?

14:41 Da Rukia: Bakari usianze.

14:42 Bakari: Nimeuliza tu.

14:58 Zuhura: Bibi yuko hapa, anasema niandike hivi: "Bati hilo ninalala chini yake mimi. Bakari, mwanangu, umemaliza? Haya, Salma atalala wapi?"

15:40 Bakari: Nisamehe Bibi. Nimetuma.

15:47 Salma: Shikamoo Bibi. Tumefika Yellowknife, karibu kilomita 500 usiku kucha. Tumepewa vitanda ukumbini. Watoto wamelala na viatu.

15:48 Mama Swafiya: Alhamdulillahi 🤲

15:48 Da Rukia: Juma anakuja kukuchukua, mtakaa kwake.

15:55 Juma: Da Rukia, hiyo ni zaidi ya kilomita 1,400. Niongee kwanza na mama watoto.

16:01 Salma: Na wale wazee ninaowauguza wamehamishwa pamoja nasi. Mmoja hataki kulishwa na mwingine ila mimi.

16:02 Da Rukia: Sasa unakwenda au huendi?

16:10 Juma: Tuzungumze jioni.

16:10 Da Rukia: Jioni ya huko au ya huku?