Naomba ushauri: wahojiwa wanaogopa kutia saini fomu ya ridhaa

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa utafiti wa afya. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu wanawake wa Kilifi wanaotibiwa baada ya mimba kuharibika au kutolewa, nikichunguza kama huruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa wamepewa njia ya kupanga uzazi, iwe sindano ya miezi 3 au kipandikizi. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaruhusu mimba itolewe pale mhudumu wa afya aliyefunzwa anapoona kuwa uhai au afya ya mama imo hatarini. Lakini vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyofanya kutoa mimba kuwa kosa la jinai, vingalipo, na hivyo ndivyo wanavyovisikia mitaani. Juzi mama mmoja alikubali kuhojiwa bila kusita, ila nilipomsogezea fomu aliirudisha kalamu mezani akaniuliza, "Mwanangu, karatasi hii haitafika polisi?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Je, kamati ya maadili huweza kukubali ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, ilhali pendekezo langu lilishapitishwa likiwa na sharti la saini? Na orodha inayooanisha majina na namba za wahojiwa niitunze wapi, maana kompyuta ya idara tunaitumia watu 4?