Tuzo ya nishati safi inayolipwa na wenye mafuta: wataalamu wetu wakae mezani au wasusie?

Mleta mada (Dar): Wadau, salaam. Tuzo ya Zayed, inayotuza kazi za nishati safi na maendeleo endelevu, ilianzishwa Abu Dhabi mwaka 2008. Mkurugenzi mkuu wake ni Sultan Al Jaber, huyo huyo bosi wa ADNOC, shirika la mafuta la Abu Dhabi, na huyo huyo aliyeongoza COP28, mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, kule Dubai mwaka 2023. Kwenye mkutano ule, tuzo ya Zayed upande wa nishati ilikwenda kwa Ignite Power, wanaosambaza sola vijijini Rwanda na kwingineko. M-KOPA ya Kenya, kampuni ya sola za mkopo, nayo ilishinda mwaka 2015, ikaondoka na dola milioni 1.5.

Washindi sina ugomvi nao. Nawalenga wataalamu na taasisi zinazokubali kuwa washirika, kuchuja maombi na kukaa kwenye jopo. Hela ya mafuta haikosekani. Kinachotafutwa kwa wataalamu hao ni jina zuri, na naona wanalitoa bure.

Mchangiaji (Mombasa): Ndugu yangu, tuzo gani haina tajiri nyuma yake? Ashden ya London, nayo tuzo ya nishati safi iliyoanza 2001, ilitokana na mfuko wa familia ya Sainsbury, waanzilishi wa maduka makubwa ya Uingereza. Mwaka 2014 waliituza kampuni ya sola ya Off Grid Electric ya Arusha, na hapo hakuna aliyenuna. Halafu mwenyekiti wa majaji wa Zayed ni Ólafur Ragnar Grímsson, aliyekuwa rais wa Iceland. Nchi hiyo imefundisha wahandisi wetu wengi wa jotoardhi, yaani umeme wa joto la chini ya ardhi, wa mitambo ya Olkaria kule Kenya wakiwemo. Huyo utamfundisha nini kuhusu nishati safi? Pesa ikiwasha taa, iwashe.

Mchangiaji (Singida): Nyote mnabishana juu ya mfuko. Mimi nimekuwa wakala wa sola za kulipia kidogo kidogo, kampuni siitaji. Kamisheni yetu ilikuwa kwenye mauzo. Ukifunga mtambo leo, nyumba imehesabiwa "imefikiwa". Mama mmoja akiuza karanga alilipa vizuri mpaka kiangazi kikabana, akakosa hela ya kulipia sola kwa simu. Mtambo ukajifunga wenyewe. Jua linachoma bati, betri imejaa, na jioni watoto wanasomea kibatari. Kwenye taarifa ya kampuni, nyumba ile bado ina umeme. Jaji aliyeko Abu Dhabi au London ataionaje?

Mleta mada: Wa Singida, hapo umenigeuza kidogo. Basi siwaambii tena wasusie. Wakae, lakini kwa sharti: kampuni iliyoomba tuzo ieleze ni mitambo mingapi inawaka leo na mingapi imefungwa, wala isituletee jumla ya iliyouzwa tangu ianze. Na jopo limpigie simu mteja mmoja asiyechaguliwa na kampuni. Mtaalamu anayeshindwa kudai hata hilo, kafuata posho na hoteli tu.

Mchangiaji (Mombasa): Hilo nakubali, ila utaua kampuni changa. Isiyo na deni bovu ni ile inayouzia matajiri.

Mleta mada: Ndiyo maana nataka namba itajwe, sikusema iwe sifuri. Kuna mtu humu amewahi kujaza fomu ya maombi ya tuzo hizi, au kukaa kwenye kamati ya uteuzi? Swali la mitambo iliyofungwa huwa linaulizwa?