Naomba ushauri: sosi nyeupe ya makaroni inafanya madonge

Habari zenu wapendwa. Mwanangu hapendi nyanya, hivyo nimejaribu mara 3 kumpikia makaroni kwa sosi nyeupe, lakini bado sijaridhika. Ninayeyusha vijiko 2 vya siagi, nakaanga humo vijiko 2 vya unga wa ngano kwa moto mdogo hadi harufu ya unga mbichi iishe, kisha namimina vikombe 2 vya maziwa kidogo kidogo huku nikikoroga kwa mwiko. Hata hivyo madonge madogo hubaki, na nikishachanganya na makaroni, sosi hukauka na kushikamana kabla hatujakaa mezani. Je, maziwa yawe ya moto au ya baridi? Na maji yaliyochemshia makaroni, ambayo huwa ninayamwaga, yanafaa kuongezwa humo? Natanguliza shukrani.