Ng'ombe wa maziwa kwa wastaafu wawili kihambani: je, tutamweza?

Mwalimu wa Rombo

Salaam kwenu nyote. Mimi na mke wangu tumestaafu utumishi wa umma, mimi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi na mwenzangu akiwa muuguzi, na sasa tunaishi katika kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) tulichoachiwa na wazazi wangu wilayani Rombo, mkoani Kilimanjaro, kwenye ukanda wa migomba na kahawa. Eneo la nyumbani halifiki ekari mbili, na tuna shamba jingine la mahindi na maharage kule chini tambarare, ambalo hulimwa wakati wa masika. Watoto wote wako mjini. Asubuhi mwenzangu hushughulikia kuku na bustani ya mboga, nami huingia mgombani kupunguza machipukizi na kuondoa majani makavu. Jua likikaza tunapumzika, na jioni huwa ni ya vikao vya ukoo, jumuiya na kuwajulia hali wagonjwa, maana majirani bado wanamwita mwenzangu usiku mtoto akipandisha homa, kana kwamba hajastaafu.

Swali langu ni hili. Migomba imechoka, mikungu imekuwa midogo, na sababu naijua: banda limekaa tupu tangu mama yangu mzazi alipofariki, hivyo hakuna samadi. Ningependa kutumia sehemu ya mafao ya mkupuo kununua mtamba (ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa) mwenye mimba, chotara wa Friesian, aina ya ng'ombe wa maziwa. Mwenzangu anapinga; anasema ng'ombe atatufunga nyumbani. Nimevuka miaka 60, na goti langu haliniruhusu kupanda mteremko nikiwa na mzigo. Ningeomba wenye uzoefu wanieleze kwa uwazi: ng'ombe mmoja wa ndani, anayelishwa bandani, huchukua sehemu gani ya siku ya wazee wawili?

Bwana Mifugo Mstaafu

Mwalimu, nimefanya kazi ya mifugo vijijini hadi nilipostaafu, na nafurahi kwamba umeuliza kuhusu kazi kabla ya kuuliza kuhusu lita, kwa sababu wastaafu wengi hununua ng'ombe kwa kupigia hesabu maziwa, kisha wanashindwa na majani.

Ng'ombe chotara mwenye uzito wa kilo 400 hivi, akiwa anakamuliwa, anahitaji kilo 40 hadi 60 za majani mabichi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na hata siku ya msiba. Huo si mzigo wa kichwa kimoja. Maji nayo ni kama lita 60 kwa siku, na zaidi akiwa na maziwa mengi. Akipungukiwa maji, maziwa hushuka hata kama hori limejaa. Kwa upande wenu wa mlima, ambako mito mingi haitiririki mwaka mzima na bomba huja kwa zamu, mngeanza na tangi la kuvunia maji ya paa kabla ya kumfikiria mtamba. Samadi unayoitamani hupatikana, tena kwa wingi: kilo 20 au zaidi za kinyesi kwa siku, ambazo lazima mtu azizoe kwa koleo na kuzisukuma kwa toroli. Goti lako litashiriki hapo pia.

Kuna jambo la muda ambalo watu hawalioni mpaka waingie. Kukamua ni mara mbili kwa siku, kwa nafasi ya saa 12 hivi, na mkono usiobadilikabadilika. Vidole vya mzee vikianza kuuma, maziwa hubaki kwenye kiwele, na maziwa yaliyobaki hukaribisha ugonjwa wa kiwele. Joto la ng'ombe, yaani hali ya kutaka dume, nalo hurudi kila baada ya siku 21 na hudumu kwa muda usiozidi siku moja. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni, akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Mkiwa mmekwenda harusini Dar es Salaam siku hiyo, na aliyeachwa nyumbani hajui dalili, mmepoteza wiki tatu za chakula bila mimba. Mke wako hakukosea kusema kwamba atawafunga.

Sisemi usinunue. Nasema kwamba ng'ombe mmoja wa ndani, kwa watu wawili wa umri wenu wasio na msaidizi, atachukua asubuhi yote na kipande kizuri cha jioni. Kukiwa na kijana wa kukata majani, mashine ya kuyakatakata na hori lililojengwa kwa urefu unaokuwezesha kulisha bila kuinama, kazi inayobaki ni ya usimamizi, na hiyo mnaiweza vizuri kuliko vijana.

Mama Kibosho

Baba Mwalimu, hongera kwa kustaafu salama, na umsalimu sana mama. Naandika nikiwa mwanamke niliyeolewa katika kihamba na kukata majani tangu ujana wangu, kwa hiyo niruhusu nikuulize jambo ambalo halimo katika maelezo yako: huyo ng'ombe atakatiwa majani na nani? Umetaja goti lako. Hukutaja mgongo wa mwenzako. Kwa desturi yetu ng'ombe ni wa baba, lakini majani, kukamua na kusafisha banda huangukia kwa mama. Na ingawa fedha za maziwa na za ndizi nazo ni za mama, wakati kahawa ni ya baba, bado sioni kama muuguzi aliyezunguka wodini maisha yake yote anadaiwa mizigo ya majani uzeeni.

Mimi na mume wangu tulichagua mbuzi wa maziwa, chotara wa Toggenburg. Mbuzi mmoja hula kilo chache tu za majani kwa siku, kiasi ambacho mtu hukipata akizunguka mipaka ya kihamba na kisu mkononi. Hutupa lita moja, wakati mwingine zaidi kidogo, ambayo inatosha chai na uji wa wazee wawili. Anabeba mimba miezi 5 badala ya 9, na akifa, Mungu apishe mbali, hujapoteza mafao yako yote. Banda lao tumelinyanyua juu ya nguzo, sakafu ni ya mbao zenye nafasi, na mavi hudondoka chini ambako huzolewa yakiwa makavu na mepesi. Ni kweli kwamba samadi ni kidogo kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo huwa tunaipeleka kwa zamu: mwezi huu migomba ya karibu na nyumba, mwezi ujao ile ya nyuma ya choo. Migomba ya mpakani bado inasubiri, na sijui kama zamu yake itafika mwaka huu.

Nikuonye pia kuhusu kiangazi. Kuanzia Agosti watu wa mlimani hutegemea mabua ya mahindi yanayopandishwa kutoka tambarare kwa gari, na asiye na gari hulipa. Ukiona mtu anakatia ng'ombe migomba yenyewe, ujue mambo yamembana, kwa sababu shina la mgomba karibu lote ni maji.

Mtoto wa Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Mimi niko upande wa pili wa habari hii: ni mtoto niliyeko Dar es Salaam ambaye wazazi wake wana ng'ombe kijijini. Kila mwezi natuma fedha za mshahara wa kijana wa kazi, pumba na mashudu, na nikipiga hesabu maziwa yale yangekuwa nafuu kuyanunua kwa jirani. Hata hivyo sijawahi kuwashauri wamuuze, kwa sababu baba huamka kwa ajili yake. Ombi langu kwa Mwalimu ni moja: wahusishe watoto kabla ya kununua, si baada ya kijana wa kazi kuondoka ghafla, kama wanavyoondoka karibu wote msimu wa kupanda.

Mke wa Mwalimu

Nawashukuru wote, hasa mama wa Kibosho, ambaye ameyasema yale niliyokuwa nikiyasema mezani bila kusikilizwa. Mwalimu amenisomea majibu haya yote kwa sauti, likiwemo lile la mgongo.

Sipingi ng'ombe, ila napinga utaratibu wa kumnunua kwanza na kumtafutia chakula baadaye. Tumekubaliana hivi: fedha za mwanzo ziende kwenye tangi la maji na kukarabati banda; mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia mifugo, yapandwe sasa kwenye kingo za makinga maji na katika kile kipande ambacho kahawa imezeeka; na kwa kipindi hiki tuchukue mbuzi wawili majike, ambao nitawatunza mwenyewe kwa sharti kwamba Mwalimu atawazolea mavi. Majani yakishatosha, na kijana wa kazi akipatikana kwa makubaliano yanayoeleweka na watoto, tutazungumza habari za mtamba. Bwana Mifugo, tungeomba utueleze mabingobingo yapandwe vipi, na ni eneo gani litamtosha ng'ombe mmoja.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mama, mpango huo nauunga mkono. Pandeni vipando vya shina vyenye pingili tatu, pingili mbili zizame ardhini na moja ibaki juu, kwa nafasi ya mita 1 kati ya mistari na nusu mita kati ya shina na shina, mwanzoni mwa mvua. Mkato wa kwanza ni baada ya miezi 3 au 4, yakifika kimo cha mita 1 hivi. Baada ya hapo kateni kila wiki 6 hadi 8, mkiacha kisiki kifupi ili yachipue tena. Ng'ombe mmoja huhitaji kati ya nusu ekari na ekari moja ya mabingobingo yanayowekewa samadi, kwa hiyo kingo pekee hazitatosha. Changanyeni na desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde, katikati ya mistari. Na kile kipande cha kahawa iliyozeeka, kipimeni kwa kamba kabla ya kung'oa mti wowote, kwa sababu huenda mkagundua kwamba eneo lenu linatosha mbuzi tu.