Mabasi hewa Barabara ya Bagamoyo: kwenye simu basi linawasili, kituoni hakuna kitu

Wakuu, salaam.

Naandika uzi huu nikiwa nimeketi kazini, saa moja na dakika kumi baada ya muda niliopaswa kuwa nimefungua dirisha langu la malipo, na nimeona ni afadhali niandike hasira zikiwa bado za moto kuliko kusubiri zipoe, kisha nisamehe kama nilivyosamehe mwezi uliopita. Jina la kampuni sitalitaja kwa sababu sina fedha za wakili. Itoshe kusema kwamba ina mabasi yenye kiyoyozi kati ya Bunju na Posta, hapa Dar es Salaam, inauza kifurushi cha safari 40 kwa mwezi kupitia simu, na ilitushawishi tununue kifurushi hicho kwa ahadi moja kubwa: kwamba abiria ataliona basi lake kwenye ramani, mahali lilipo, wakati huo huo.

Leo nilifika kituo cha Africana saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Ramani ilionyesha basi namba 9 likiwa Tegeta Kibaoni, dakika 11 kutoka nilipo, nikasogea pembeni karibu na mama anayekaanga vitumbua. Basi lilitembea kwenye skrini kwa madaha yake, likapita Mtongani, likaandikwa dakika 4, kisha 2, kisha "linawasili". Nikauweka mkoba begani na kuinua macho. Kwa mujibu wa ramani, wakati huo basi lilikuwa mbele ya pua yangu. Barabarani palikuwa panapita guta lililopakia magunia ya mkaa. Ile alama ikaendelea na safari kuelekea Tangi Bovu bila mimi, na pale palipoandikwa "linawasili" pakaandikwa dakika 23. Mama wa vitumbua, ambaye hakuacha kugeuza vitumbua vyake, akaniambia, "Dada, hilo basi la kwenye simu yako wenzako wamelisubiri tangu juzi. Mimi nipo hapa toka saa kumi na moja, sijaliona."

Katika muda huo niliziacha daladala tatu za Makumbusho zipite, pamoja na moja ya Kariakoo iliyokuwa na viti vitupu, jambo ambalo kwa saa zile mkazi wa jiji hili anajua ni sawa na kuokota fedha njiani na kuzirudisha chini. Hapo ndipo penye kidonda changu. Basi kuchelewa si habari. Barabara ina foleni, ujenzi wa njia ya mwendokasi umetubana kwa muda mrefu, na mvua za masika hazimwombi mtu ruhusa. Ningekuwa sina ramani, ningefanya wanachofanya watu wote: kuingia kwenye gari la kwanza lenye pa kuweka mguu, kushuka Makumbusho na kuunganisha. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na taarifa, na taarifa hiyo ilikuwa ya uongo. Hatimaye nililipa bodaboda shilingi 8,000 huku nikiwa na safari kumi na moja ambazo nimekwisha kuzilipia.

Msiniambie kwamba labda ni mtandao tu. Nami nilidhani hivyo hadi Jumamosi iliyopita, nilipokwenda kwenye harusi ya binti wa jirani yetu pale Mikocheni. Nje ya ukumbi lilikuwa limeegeshwa basi namba 14 la kampuni hiyo hiyo, limefungwa riboni na maua kwenye kioo cha mbele, limeleta wageni wa upande wa bwana harusi, na matarumbeta yakipigwa hatua chache kutoka mlangoni pake. Kwa udadisi nikafungua simu. Basi namba 14, kwa mujibu wa ramani, lilikuwa njiani likitoka Posta, na lingefika Mwenge baada ya dakika 6. Nikalizunguka nyuma kusoma namba mara ya pili, maana nilifikiri macho yangu yana matatizo. Nimelipiga picha, na picha ninayo.

Shemeji yangu anafunga vifaa vya kufuatilia magari kwenye malori ya mizigo, nikamweleza, naye hakushangaa hata kidogo. Kifaa cha GPS ndani ya gari, alisema, hupokea mawimbi ya setilaiti, angalau nne, na kukokotoa mahali gari lilipo. Kisha hutuma taarifa hiyo kwenye seva kwa laini ya simu iliyomo ndani yake. Laini ikiisha bando, au kifaa kikichomolewa, seva haipati kitu. Programu iliyotengenezwa kwa uaminifu hapo itasema kwamba gari halionekani. Programu ya watu wanaoogopa kuonekana na ramani tupu itachukua ratiba iliyoandikwa ofisini na kuichora kama gari linalotembea. Namba 14 lilikuwa likiendeshwa na ratiba huku lenyewe likiwa harusini.

Mwaka 2016 serikali ilipowasaka wafanyakazi hewa, sote tulielewa maana yake: jina lipo kwenye orodha, mshahara unatoka, mtu hayupo. Haya yetu ni mabasi hewa. Nauli inatoka, alama inatembea, gari halipo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo hili halihitaji uvumbuzi wowote. Muundo wa taarifa za usafiri uitwao GTFS Realtime, ambao Google waliutoa mwaka 2011 na unaotumika katika miji mingi duniani, una sehemu ya kuandika saa ambayo gari lilionekana mara ya mwisho, na una sehemu ya kutangaza kwamba safari fulani imefutwa. Hata hapa nyumbani, LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ina mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ya mikoani, kwa hiyo mtu asituambie kwamba teknolojia haijavuka bahari. Basi la Mbeya linafahamika lilipo likiwa katikati ya pori, lakini la Bunju linapotea kati ya Mtongani na Africana.

Nilipolalamika mara ya kwanza, nilijibiwa kwamba mabasi yao sita kwa saa yalitoka yote siku ile, hivyo huduma ilikuwa kamili. Ngoja tuifanye hesabu hiyo polepole. Mabasi sita yakiachana kwa dakika 10 kila moja, abiria anayefika kituoni bila mpangilio atasubiri wastani wa dakika 5. Mabasi hayo hayo sita yakija mawili mawili kila baada ya dakika 20, wastani wa kusubiri unakuwa dakika 10, na bado la mbele litakuwa limejaa hadi mlangoni huku la nyuma likija na watu wanne. Ndivyo yanavyokuja. La mbele hukuta watu wengi vituoni, hukawia kupakia, la nyuma hulikuta, na kuanzia hapo yanafuatana kama ng'ombe wanaokwenda mtoni. Kule London, kwa ruti zenye mabasi matano au zaidi kwa saa, hawamwulizi mwendeshaji mabasi mangapi yalitoka. Wanapima dakika ambazo abiria amesubiri zaidi ya zile alizopaswa kusubiri kama magari yangeachana sawasawa. Huku kwetu tunahesabiwa magari yaliyotoka getini, na hata hesabu hiyo, baada ya kuliona namba 14 na riboni zake, siwezi tena kuiamini.

Daladala zina makosa yake, na mimi si mgeni wa makosa hayo: zinakatisha ruti, zinatushusha Mwenge kwa maneno "mwisho hapa", na jioni unalazimika kugeuza na gari ili upate kiti. Lakini konda anapokatisha ruti hukwambia ana kwa ana, unamjibu unavyoweza, na mara nyingine chenji yako inarudi. Hawa wanakatisha ruti kimya kimya, ndani ya simu yangu.

Ninachotaka si kikubwa. Basi ambalo halijaonekana kwa dakika tatu liondolewe kwenye ramani, au liandikwe wazi kwamba muda ule ni wa ratiba na si wa gari lenyewe. Gari likikodishwa kwa harusi, safari yake ifutwe mbele ya macho yetu kabla hatujatoka nyumbani. Na safari iliyoonyeshwa kisha isiwepo, abiria arudishiwe nauli yake bila kuandika barua.

Leo nilipofika kazini niliomba nirudishiwe thamani ya safari zangu kumi na moja. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, upesi kuliko basi lao lolote: "Mpendwa mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu uliojitokeza, wakuu, kana kwamba ulitoka wenyewe kichakani. Nikaandika tena nikiuliza namba 9 lilikuwa wapi saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikaambatanisha picha ya skrini na picha ya namba 14. Safari hii walijibu upesi zaidi, na jibu lilikuwa lile lile, neno kwa neno.

Aliyepo kwenye ruti hii mwenye picha zake za skrini, aziweke hapa chini na namba ya basi na saa.