"Letteth" kwenye King James: anayeruhusu au anayezuia?

Wakuu, natafsiri mahubiri ya mchungaji anayesoma King James. Kwenye 2 Wathesalonike 2:7 kuna "he who now letteth will let". Nikiandika "anayeruhusu", nagongana na Union Version yenye "yupo azuiaye sasa". Ipi sahihi?

Jibu 1
Azuiaye. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili tofauti: "lætan", kuachia au kuruhusu, na "lettan", kuzuia au kuchelewesha, ambacho ni ndugu wa "late". Matamshi yakasogeleana mpaka yakawa mamoja, na King James ilipochapishwa 1611 vyote viliandikwa "let". Ukiweka "aruhusuye" umeupindua mstari mzima.

Kuvitofautisha, tazama kinachofuata. Cha kuruhusu hutaka mtendwa, kisha kitenzi kingine kisicho na "to". Cha kuzuia hakidai kitenzi cha pili: husimama peke yake kama hapo kwako, hubeba mtendwa tu ("who shall let it?", Isaya 43:13), au hufuatwa na "from". Kutoka 5 ina vyote viwili, tena kwa karibu. Mstari wa 1: "Let my people go". Mstari wa 4, Farao anafoka: "Wherefore do ye, Moses and Aaron, let the people from their works?", yaani mbona mnawaachisha watu kazi. Mkalimani anayekwenda mbio hunaswa hapo.

Jibu 2
Nyongeza: jihadhari na kauli ya kutendwa. Warumi 1:13 ina "was let hitherto". Paulo alizuiwa kwenda Roma, hakuruhusiwa. Ukisita, pachika "hinder" badala ya "let". Sentensi ikikaa sawa, ni kuzuia.

Muulizaji
Asanteni. Bado kinatumika?

Jibu 1
Kama kitenzi, hapana. Ukikiandika leo utaeleweka kinyume. Nomino ndiyo iliyobaki: "without let or hindrance" kwenye pasipoti ya Uingereza, na "let" ya tenisi, mpira wa kuanzia unapogusa wavu kisha ukaangukia ndani, unarudiwa. Vibao vya "To Let" kwenye nyumba ni vya "lætan", kupangisha.

Na mchungaji akirudi waraka wa kwanza, 4:15, "prevent" ya pale usiitafsiri "kuzuia". Ni kutangulia: walio hai hawatawatangulia waliolala.